Shavu la Kushoto

Nyuso kumi na tisa zilikuwa zimekwisha kusafishwa, zikabaki nne. Zilikuwa picha za watoto wa kuandikishwa shule, na mwalimu alizitaka kesho yake asubuhi. Fundi aliketi mbele ya kompyuta, mkono wa kulia juu ya kipanya, akifuta kamasi lililokauka hapa, kovu la tetekuwanga pale. Brashi ya kompyuta aliizoea kama mshonaji anavyoizoea sindano. Akiigusisha palipo na doa, inaazima ngozi safi ya jirani na kulifunika. Kazi ya uso mmoja ilimchukua muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai, na mtaani walikuwa wakisema kwamba kwa Fundi hakuna mbaya. Hata nyani akimpelekea uso wake, atatoka bwana harusi.

Uso wa ishirini ulikuwa wa binti yake.

Walimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata usingizini. Kwenye picha alikuwa ameufunga mdomo kwa nguvu, mashavu yamejaa kama mtu aliyeficha peremende. Fundi akacheka peke yake. Kwenye shavu la kushoto palikuwa na weupe, mpana kama kidole gumba, na mkono wake uliufuta kabla yeye hajaamua. Akasonga mbele, kisha akasita. Akabonyeza kurudi nyuma hatua moja, na ule weupe ukajitokeza tena.

Ni taa, aliwaza. Kila mtoto alimpiga picha tatu, achague moja. Akaifungua ya pili. Weupe ulikuwapo. Akaifungua ya tatu, ile aliyoipiga baada ya kuisogeza taa hadi upande wa pili, na kivuli cha pua kilikuwa kimehama kama ilivyopaswa. Weupe haukuhama.

Aliikuza picha mpaka shavu likajaa kioo kizima. Halikuwa doa lenye mpaka. Ngozi ilikuwa imefifia, imekuwa nyembamba, na vishipa vidogo vyekundu vilionekana chini yake kama nyuzi kwenye kitambaa kilichochakaa. Fundi alikuwa ameona ngozi ya namna hiyo mara nyingi, lakini kwa wanawake wazima wanaojichubua. Akazima kompyuta, nyuso tatu zikiwa bado, akafunga mlango wa studio jua likiwa juu.

*

Nyumbani kulikuwa kimya. Siku hizi mkewe aliingia kazini, kwenye duka la keki, alfajiri na kutoka saa nane mchana, na akirudi alilala kidogo na mtoto. Fundi akasogeza pazia la chumbani.

Walikuwa wamelala kama walivyolala siku zote, mama chali, mtoto ubavuni mwake, shavu kwa shavu. Shavu la kushoto la Chiriku lilikuwa limenatia kwenye la mama yake, na jasho la mchana limewaunganisha. Uso wa mkewe uling'aa mafuta, mwekundu kidogo, laini kama sahani iliyooshwa.

Alisimama pale ameshika pazia. Hakuna aliyemwambia kitu, ila alielewa.

"Mama Chiriku."

Alifumbua macho. "Mbona mapema? Umeme umekatika?"

"Kuna kitu kwenye shavu la mtoto."

"Ametafunwa na mbu?"

"Mwinue umtazame."

Alimwinua. Ngozi ziliachana polepole. Mkewe alimgeuza mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akalikodolea macho lile shavu, kisha akalifuta kwa kidole gumba, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu, kama anayefuta unga.

"Mama, unaniumiza," alisema Chiriku. "Unaniumiza, mimi si sufuria."

*

Miezi minane nyuma, mkewe alikuwa mchoma mikate kiwandani. Alisimama mbele ya tanuri kuanzia jioni mpaka usiku wa manane, akiingiza trei na kuzitoa. Mabaka aliyapata wakati wa mimba ya Chiriku, mawili mashavuni na moja juu ya mdomo, kama masharubu yaliyofutwa vibaya. Watu walimwambia yataondoka na mtoto. Mtoto alitoka, mabaka yakabaki, na kadiri alivyosimama mbele ya ule moto ndivyo yalivyozidi kukolea. Wenzake tanurini walimtania kwamba yeye ameiva upande mmoja, wamgeuze. Alicheka nao. Kule nyuma kila mtu alikuwa mweupe wa unga, na hakuna aliyemtazama mwenzake sana.

Kisha kiwanda kikafungua duka la keki upande wa mbele, lenye vioo na feni, wakatangaza nafasi za wahudumu wa kaunta. Mwombaji alete barua na picha ya uso. Kukaa kwenye kiti, kurudi nyumbani mchana, na mshahara unaopita wa tanurini. Fundi alimpiga picha mwenyewe, akaisafisha kama alivyosafisha za wote. Hakukusudia kumdanganya mtu. Mkono ulikuwa umezoea, nao haukuuliza huyu ni nani. Aliichapisha, akampa. Mkewe aliitazama muda mrefu na kusema, "Kumbe ungenipenda hivi."

Yeye alidhani ni utani, akacheka.

Picha ilichaguliwa. Mwenye picha alipokwenda kuripoti, meneja, mwanamke mnadhifu mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, alimtazama, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Huyu dada yako yuko wapi?"

"Ni mimi, mama."

"Ni wewe lini?"

Waliokuwa wakipanga keki wakacheka. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisema duka litafunguliwa baada ya wiki tatu, na picha imekwisha kupelekwa kukuzwa ili ibandikwe mlangoni. "Nenda kajitunze. Ukifanana na picha yako, njoo. Usipofanana, tanuri lako lipo."

Alijitunza. Kwa wiki tatu alipaka krimu kutoka kopo lisilo na maandishi, na kweli, siku ya kumi uso ulianza kunyooka. Duka lilipofunguliwa, yeye na picha yake walikuwa kama pacha. Fundi alifurahi pamoja na wengine. Alijua anapaka kitu, lakini hakuuliza ni nini. Mwanamume akianza kuuliza mambo ya meza ya kioo, alijiambia, ataulizia na sufuria.

*

Kopo lilitoka kwa dada yake Fundi. Mtaa mzima ulimwita Mng'aro, na aliuza krimu zake kwenye kibanda kilichokuwa mwanzo cha kuuzia mkaa. Fundi alimkuta akikoroga beseni kwa mwiko mrefu, kitambaa amekifunga puani.

"Kaka! Leo umekuja kununua ujana?"

"Nimekuja kuuliza. Humu ndani umetia nini?" Aliweka kopo juu ya meza.

"Mapishi hayaulizwi. Unaulizwa kama umeshiba."

"Dada."

Mng'aro aliacha kukoroga. Uso wake ulikuwa mwanga mtupu, lakini vifundo vya vidole vilivyoshika mwiko vilikuwa vyeusi kama vimechovywa wino. Fundi alishangaa kwamba hajawahi kuviona, yeye ambaye riziki yake ni macho.

"Tyubu tatu za dukani, za kutuliza muwasho. Mafuta ya mgando, ya kulainisha. Na unga."

"Unga gani?"

"Unga. Kuna bwana anauleta, wa kijivu, kwenye mfuko wa nailoni. Kijiko kimoja beseni zima. Sijaua mtu."

"Shavu la Chiriku limechunika."

"Chiriku simuuzii mimi."

"Analala na mama yake."

Hapo Mng'aro akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa muda alitazama beseni lake, ile krimu nzuri ya rangi ya maziwa, na Fundi alidhani atalimwaga. Alichukua mwiko tena.

"Nitakuambia kitu, nawe usikasirike. Wifi alipokuja hapa mara ya kwanza alikuwa analia. Amebeba picha mkononi. Akaniambia, wifi, nitengeneze niwe huyu. Mimi nilimwona yule wa kwenye picha, nikajua kazi ya nani. Basi tumegawana kazi, kaka. Wewe unafuta kwenye karatasi, mimi nafuta kwenye ngozi. Kama kuna kesi, twende wote."

Fundi alichukua kopo lake akatoka. Nyuma yake mwiko ulikuwa umeanza kuzunguka tena, taratibu.

*

Daktari wa ngozi alipatikana siku moja kwa wiki, na foleni ilianza kabla ya kupambazuka. Alikuwa kijana kuliko walivyotarajia, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayesoma. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Mama, kanawe."

Sinki lilikuwa mle mle chumbani, karibu na mlango ambao haukufungika vizuri. Mkewe alinawa mgongo ukiwa umewaelekea. Maji yalitoka na rangi ya chai ya maziwa, kisha rangi ya poda ya pili, halafu yakawa meupe. Alipogeuka, alijifuta kwa upande wa ndani wa mtandio, na akakaa bila kumtazama mumewe.

Fundi hakuwa ameuona uso huo kwa miezi. Mabaka yalikuwa yamerudi, mapana zaidi, na rangi yake haikuwa ile ya kahawia ya zamani. Ilikuwa na bluu ndani yake, kama chuma kilichopozwa. Katikati ya mabaka ngozi ilikuwa nyekundu, na kidevuni kulikuwa na vipele vidogo vingi.

"Inawaka?" aliuliza daktari.

"Nisipopaka inawaka. Nikipaka inatulia."

"Ndivyo inavyokushika." Alichukua tochi, akapita nayo polepole shavu moja, halafu la pili. "Mabaka ya mwanzo yalikuwa ya mimba. Si uchafu, wala si laana ya mtu. Ngozi ina wino wake wa kujikinga. Mimba inauchochea, jua linauchochea, hata joto la moto. Ungekuja wakati ule ningekupa kofia, losheni ya kukinga jua na dawa ya pole pole, nikakuomba uvumilivu. Sasa tuna kazi mbili. Ile ya zamani, na hii ya kopo."

"Yataondoka?"

"Yatafifia. Mengine. Sitakuahidi yote."

"Kwa muda gani?"

"Tukienda vizuri, mwaka. Na miezi ya kwanza ukiacha hii kitu, uso utaonekana mbaya kuliko leo. Utavimba, utawasha, utataka kurudi. Nitakupa ya kukushusha taratibu, lakini hii ya kopo leo ndiyo mwisho. Huo unga wa kijivu mliousimulia, usio na jina, mimi naogopa una zebaki. Hiyo haiishii usoni. Inaingia kwenye figo. Tutapima mkojo, wako na wa mtoto."

Chiriku, aliyekuwa juu ya magoti ya baba yake, aliinua kichwa. "Mimi nimeshakojoa."

Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alilishika lile shavu kwa vidole viwili. "Ngozi ya mtoto ni changa, hii inaweza kurudi. Lakini asiguswe na krimu tena. Foronya, shuka, mitandio, vyote vifuliwe. Asilale na mama mpaka mama awe msafi." Kisha akamgeukia Fundi. "Wewe kazi yako?"

"Napiga picha."

"Vizuri sana. Kila Ijumaa mpige picha mama huyu. Kiti kile kile, taa ile ile, bila poda. Mtakuwa mnaniletea. Macho yanasahau, na mgonjwa hukata tamaa kwa sababu haoni kwamba amesogea. Ila usifute kitu. Sawa? Usifute hata kidogo."

Mkewe alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi.

*

Barua ya daktari ilisema mfanyakazi huyu akingwe na jua na joto kali kwa muda wa matibabu. Mkewe aliipeleka kwa meneja siku ya nne ya matibabu, usoni amepaka losheni peke yake. Uso ulikuwa umefura hadi macho yakawa madogo, na jioni hiyo alimsimulia mumewe akiwa amegeukia ukuta.

"Ameisoma yote. Ameisoma mara mbili. Akaniuliza, unaumwa cha kuambukiza? Nikasema hapana. Akasema, mimi najua hapana, lakini mteja wa keki hajui. Akanipeleka mlangoni, kwenye ile picha yangu. Akasema, wewe mwenyewe simama hapa, uniambie mteja afikiri nini."

"Wewe ukasema nini?"

"Nilisimama." Alivuta shuka begani. "Kuna mama mmoja aliingia, akaniuliza mimi, yule dada mzuri leo hayupo?"

Fundi alikuna kichwa. "Akurudishe nyuma basi. Ukae stoo, ufunge maboksi."

"Stoo kuna watu. Kilichopo ni tanuri. Kasema, Jumamosi tuna oda ya harusi tatu, nataka mtu kaunta. Uje ukiwa wa kaunta au uje ukiwa wa tanuri, uamue mwenyewe."

"Tanuri daktari amekataza."

"Na krimu ya kaunta daktari amekataza. Nikae nyumbani? Niambie. Losheni yake kichupa kimoja kinakwisha kwa wiki mbili, nitakinunua kwa mshahara upi? Ada ya Chiriku utailipa kwa kufuta makamasi?"

 Fundi aliijua hesabu ile kama anavyoijua studio yake, na hata akifumba macho angejikwaa mahali pale pale. Alisema tu alichokuwa nacho. "Ningeacha ile picha ilivyokuwa."

"Ungeiacha nisingechaguliwa."

"Ndiyo."

"Basi usijute nusu," alisema mkewe, bila hasira. "Aliyenifuta wa kwanza ni wewe, lakini niliyependa kufutwa ni mimi. Niache nilale."

Chumba cha pili, Chiriku alikuwa akimsimulia bibi yake, aliyeitwa kuja kulala naye, habari za sinki la daktari, na jinsi maji yalivyokuwa chai. Tangu hospitali alilala huko. Siku ya kwanza alilia mpaka akatapika. Siku ya pili alilia kidogo. Sasa alikuja tu mlangoni kila mchana, akasimama nyuma ya pazia, akauliza kama mama amekwisha kuwa msafi.

*

Ijumaa, Fundi aliandaa kiti mapema. Kwa kazi hii alitaka kila kitu kiwe sawasawa. Aliweka stuli mbele ya pazia la kijivu, akapima hatua mbili na nusu kutoka kwenye kamera, akachora kwa chaki duara dogo kuzunguka kila mguu wa stuli, maduara manne, ili wiki ijayo na wiki zote zitakazofuata ikae pale pale. Akachora alama za miguu ya taa pia. Kwenye daftari jipya aliandika tarehe, na chini yake: Picha ya kwanza.

Mkewe alikuja saa tisa, amefunga mtandio hadi kwenye macho. Alikuwa na Chiriku, aliyeachwa nje kizingitini na kipande cha keki.

"Kaa hapa. Nyanyua kidevu. Ondoa mtandio."

Alikaa. Hakuondoa mtandio.

"Hakuna mtu hapa, Mama Chiriku. Ni mimi."

"Najua ni wewe."

Fundi aliinama kwenye kamera, jicho moja limefumba, akasubiri. Mtandio ukafunguka, na kupitia kioo kidogo aliuona uso wa mkewe ukiwa laini, unang'aa, mwekundu kidogo. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Mabaka yalikuwa yameanza kujificha kama watu waliosikia mlango unagongwa. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe. Akakiondoa.

"Nilitupa kopo mimi mwenyewe," alisema. "Nililichimbia."

"Ulitupa kopo. Krimu nilikuwa nimeshaihamishia kwenye kichupa cha daktari."

Fundi alinyoosha mgongo. Nje, Chiriku alikuwa akizungumza na keki yake, akiiambia isiogope.

"Tangu lini?"

"Tangu niliposimama mlangoni."

"Na figo? Majibu ya mkojo hayajatoka."

"Yakitoka tutayasikia. Kesho kuna harusi tatu." Aliitazama lenzi kama mtu anayetazama kwenye shimo. "Nipe miezi miwili, Baba Chiriku. Duka likishatulia nitamwomba ruhusa, niuguze uso wangu polepole. Mtoto hatanigusa. Nimeahidi. Sitamgusa hata kwa mkono."

"Nimpelekee nini daktari?"

Mkewe alifikiri. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyoitumia kuulizia chumvi, "Si unaweza kuyarudisha kwenye kompyuta? Kama unajua kufuta, hujui kuchora?"

Fundi aliitazama kompyuta. Alijua. Ilikuwa ni brashi ile ile, ukiigeuza. Kwa muda mkono wake wa kulia ulijifikiria wenyewe, ukapima baka la kwanza lingeanzia wapi, chini ya jicho, na rangi yake ingechanganywaje. Akauficha mfukoni.

"Leo hapana," alisema.

"Basi kesho, nikitoka kazini."

Alijifunga mtandio, akashuka kwenye stuli. Kizingitini Chiriku aliruka na kunyoosha mikono yote miwili, shavu la kushoto mbele, kama alivyozoea. Mama yake alirudi nyuma hatua moja, mikono ameinua juu kama mtu aliyeonyeshwa bunduki.

"Bado, mama?"

"Bado."

"Kesho?"

"Tangulia njia. Usipite kwenye jua."

Fundi aliwatazama wakienda, mmoja mbele, mwingine hatua nne nyuma. Akazima taa moja, kisha ya pili. Kalamu aliiweka juu ya daftari, kwenye ukurasa wenye tarehe na maneno Picha ya kwanza. Akaichukua stuli aisogeze kando kama alivyofanya kila jioni, akaiona chaki chini ya miguu yake, na akairudisha polepole mpaka ikaingia ndani ya maduara yote manne.